Hali ya Hewa ya Wastani

Kamuli, alasiri, siku moja kabla ya safari

Kemilembe mwanangu,

Barua nyingi huanza kwa kuuliza hali. Mimi swali hilo nimekuuliza kila asubuhi tangu ulipoanza kusema, na leo namngoja daktari wa Nyakahanga anijibie. Baba yako ameondoka nawe mapema. Mkirudi na jibu zuri, kesho unapanda basi kuelekea Mbeya. Mkirudi na jibu baya, sijui haya ninayoandika yatakuwa na kazi gani. Simu nimeilaza mezani karibu na mkono wangu, na kila inapowaka kwa ujumbe wa matangazo nainuka nusu kwenye kiti.

Begi lako liko kitandani, zipu wazi. Nimekaa nalo chumba kimoja kama watu waliogombana.

Sitakuandikia habari za maji, wala vidonge vya foliki, wala kulala mapema. Hayo unayajua kuliko mimi, na nimeyarudia mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Nakuandikia kwa sababu ya neno nililokutamkia Jumamosi, tukiwa tumesimama hapa hapa, begi katikati yetu. Tangu siku hiyo tunasalimiana, tunakula pamoja, unaniitikia "ndiyo mama," lakini hatujazungumza. Nimejaribu kuanza kwa mdomo nikaishia kukuuliza kama umeshiba. Kwa kalamu labda nitafika mwisho.

Nianze na siku majina ya waliochaguliwa vyuo yalipotoka. Wewe na baba yako mlicheka mpaka kuku wakatawanyika uani. Mimi niliingia jikoni nikamenya ndizi nyingi kupita watu tuliokuwapo, ukaja ukaniuliza, "Mama, tunapokea wageni?" Nilikuwa nimemwomba Mungu uchaguliwe Bukoba, au Mwanza iliko kliniki yako. Baba yako alilijua hilo. Nadhani na wewe ulilihisi, ndiyo maana furaha yako ukaipeleka nje, ukaenda kuwapigia simu wenzako ukiwa chini ya mibuni.

Kisha ikaja karatasi ya maelekezo ya chuo, ile iliyosema mwanafunzi afike na nguo zinazofaa hali ya hewa ya wastani. Neno hilo, wastani, limenisumbua kuliko yote yaliyoandikwa pale. Wastani wa nani? Mtoto mwingine akipigwa na baridi ya asubuhi anasugua viganja, jua linachomoza, yamekwisha. Wewe baridi ikikuingia, damu inakwama, maumivu yanaanzia magotini yanapanda mgongoni, na sisi wengine tunabaki kutembea mbio mbio ndani ya nyumba bila cha kufanya.

Nikaanza kuuliza watu. Mume wa Ma Leokadia, aliyewahi kuendesha lori hadi Tunduma, aliniambia kule asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni kama mvuta sigara. Yule mwalimu aliyehamia shule ya msingi akasema Oktoba jua linachoma kabisa, ila Juni na Julai ndiyo baridi yenyewe, na huko milimani umande huganda kwenye majani. Binti wa mchungaji akanicheka kwa upole. Alisema hewa ya kule haiko mbali na ya huku kwetu, nisihangaike. Kila mtu alikuwa na Mbeya yake. Mimi nikachukua ile ya dereva wa lori.

Ukaniona nikienda gulioni Nkwenda, narudi na mfuko. Wiki iliyofuata tena. Wauza mitumba wa pale wananijua tangu ukiwa mdogo. Wakifungua belo lenye nguo nzito wananiwekea pembeni. Wananiita Mama Sweta, na jina hilo lilikupata na wewe, ukawa mtoto wa Mama Sweta, hata kwa watoto ambao hawakujua kwa nini.

Kwa nini lilianza, hilo nadhani sijawahi kukueleza vizuri. Ulipokuwa mchanga, vidole vyako vya mikono na miguu vilivimba kama vimejazwa maji, ukalia mpaka sauti ikakatika. Hospitali wakakupima damu. Nesi akatukalisha, mimi na baba yako, akatupa jina la ugonjwa, selimundu. Akaeleza jinsi ulivyourithi kutoka kwetu wote wawili, bila mmoja kumlaumu mwenzake. Akaeleza mengi mengine. Baba yako aliyashika yote. Mimi nilishika moja tu: asipigwe na baridi. Ya damu nisingeyaweza, na ya urithi yalikuwa yamekwisha kutendeka, lakini baridi niliiona ni adui ninayeweza kumfungia mlango. Nikatoka pale nikiwa na kazi.

Kazi hiyo nimeifanya vibaya, mwanangu, na wewe unajua. Unaikumbuka ile kwaya ya watoto, siku ya uzinduzi wa kanisa, mlipokuwa mmesimama mbele mmevaa nguo zenu nyeupe? Wingu lilitanda, nikainuka kwenye benchi nikapita katikati ya watu nikakuvisha sweta la kahawia juu ya ile nyeupe, mwalimu wa kwaya akiwa ameshainua mikono. Mliimba. Wewe midomo yako haikufunguka. Wiki iliyofuata ukasema hupendi tena kuimba, nami nikaamini, kwa sababu kuamini kulinirahisishia: mazoezi yalikuwa ya jioni, na jioni kuna baridi.

Na ile safari ya Mwanza. Hii nataka uisikie kutoka kwangu, maana ulikuwa mdogo na pengine unakumbuka maumivu tu. Tuliondoka na ukungu, nimekuvisha masweta mawili na blanketi juu. Tulipofika kule chini jua lilikuwa kali, basi limejaa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Uliniambia, "Mama, naomba kuvua." Nikakwambia vumilia, upepo wa ziwani ni mbaya. Ukaomba tena. Ukaomba na maji, nikakupa kidogo ili usihitaji kushuka njiani. Tulipofika kwenye kivuko ulikuwa huongei. Mama mmoja tuliyekaa naye akaniangalia, akakuangalia.

Kliniki walikupokea manesi wawili. Mmoja akaanza kukuvua, sweta la kwanza, la pili, fulana ikiwa imelowa jasho kama iliyotoka kufuliwa, akaniuliza nani alimvisha mtoto hivi. Nikasema ni mimi. Hakunikemea. Alisema, "Mama, mwili wake umekauka maji. Joto nalo linamuumiza." Ulilazwa pale na dripu, na nilikaa sakafuni kando ya kitanda chako nikiwa nimepakata yale masweta kwa sababu sikuona pa kuyaweka. Maumivu yale niliyaleta mimi kwa mikono yangu, nikidhani nayakimbia.

Ungedhani baada ya hapo nilipona. Nilijifunza kukupa maji. Masweta sikuyaacha.

Sasa Jumamosi. Nilikuwa nimelijaza begi mpaka zipu ikakataa: makoti mawili, masweta, kofia za sufu, suruali nzito za kuvalia ndani, lile blanketi la bibi yako. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi ulikuwa umevitoa vyote ukavipanga kitandani kwa utaratibu, hukuvitupa, hilo niliona. Ndani ya begi uliweka gauni zako, blauzi, suruali za jinzi, trakisuti, sweta moja na jaketi moja. Nikaanza kuvirudisha. Wewe ukaanza kuvitoa. Tulifanya hivyo kimya kimya kama watu wanaocheza, mpaka ukaushika mkono wangu.

Ukaniambia, "Mama, kule hakuna anayejua kuwa naumwa. Naomba nifike nikiwa mtu tu."

Nami nikakujibu, "Mujuni naye alikuwa hapendi sweta."

Uliuachia mkono wangu. Ukatoka nje. Baba yako alikuwa anaanika kahawa, alikuona ukipita, akanitazama pale mlangoni, akainama akaendelea kutandaza. Tangu tuoane sijawahi kumwona akininyima maneno namna ile.

Kemilembe, nilikudanganya. Kaka yako Mujuni hakukataa sweta. Hakuwa nalo.

Unamjua kwa ile picha moja na kwa kaburi lililo upande wa juu wa kibanja chetu cha migomba. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, mcheshi, ila miguu ikimuuma alinyamaza akakaa. Hatukujua ni nini. Wengine walisema anakua, wengine wakasema malaria, bibi yako mkubwa akasema tuna jirani mwenye kijicho. Mimi nilisema mvivu. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake, zaidi ya siku moja, akiwa ameketi na ndoo kando ya njia. Kwa hiyo akajifunza kutosema.

Siku hiyo mvua iliwakuta wakitoka shule, katikati ya rweya, mahali ambapo ni majani matupu na hakuna hata mti wa kujikinga. Wenzake wakakimbia. Yeye alikimbia nao kidogo, akakaa. Wakamwita, akasema nawafuata. Wale watoto hawakuwa na kosa; walimjua kuwa ni mtu wa kukaa kaa, mama yake mwenyewe alisema. Walifika nyumbani kwao, wakakauka, wakala. Jirani yetu aliyekuwa anarudisha ng'ombe ndiye aliyemkuta, akamleta kwenye baiskeli. Tulimfunika kila kitu tulichokuwa nacho, koti la baba yako, vitenge vyangu, tukaondoka naye kuelekea hospitali. Hatukufika naye.

Sikukwambia haya ulipokuwa unakua kwa sababu niliogopa yatakutisha. Baadaye niliogopa utanihesabia kosa. Jumamosi nikayatumia kama fimbo, tena nikayapindua ili kosa liwe la marehemu, mtoto asiyeweza kujitetea. Hilo ndilo neno nililotaka kulirudisha. Yale masweta yote ya Nkwenda, mengi hayakuwa yako. Nilikuwa nanunua ya Mujuni, nakuvisha wewe.

Jumatatu nayo ikaja na ya kwake. Ulikwenda Nkwenda kuagana na rafiki yako Jeni, anga ikiwa safi, mvua ikakukuta njiani, ukarudi kwenye bodaboda umelowa chapachapa. Nilikuona ukishuka. Nilikuwa jikoni, na miguu yangu ilikwishaanza kukimbia, lakini nikakumbuka ulivyoushika mkono wangu, nikajizuia kwa kushika nguzo ya mlango. Sijui kama uliniona. Nilikutazama ukivua vile vilivyolowa, ukajikausha, ukavaa trakisuti na soksi, ukaja ukanipita pale pale bila haraka, ukachukua maji ya moto kwenye chupa, ukarudi ukanywa. Ukajaza chupa nyingine, ukaizungushia kitenge, ukaiweka magotini, ukajilaza. Ulifanya yote kwa mpango, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Nikajiuliza umeanza lini kujua haya, na nilikuwa naangalia wapi.

Jioni maumivu yakaja hata hivyo. Na hapa kuna jambo ambalo sijamwambia hata baba yako. Ulipokunja uso na kusema, "Mama, yameanza," kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu hakikuwa huruma. Ilikuwa nafuu. Nilisema ndani yangu: basi, hataenda. Haikukaa, ilipita kama pumzi, huruma ikaja nyuma yake. Lakini ilipita, na niliisikia, na ndipo nilipojijua nimefika wapi. Mama anayepumua kwa sababu mtoto wake ameanza kuumia amevuka mpaka fulani, hata kama anaita hayo mapenzi.

Nilikuja na blanketi. Ukasema, "Nishike mgongo tu. Usinivalishe." Nikaliweka blanketi chini, nikakaa, nikakushika mgongo. Ulikuwa na joto la kutosha. Sikuwa nimewahi kukugusa wakati wa maumivu bila kitu katikati, sufu au blanketi. Nilihisi mifupa yako ikipanda na kushuka. Jana kutwa ulilala, baba yako akizunguka na kikombe cha maji, mimi nikizunguka na maneno haya bila kuyatoa. Leo asubuhi ukaamka ukasema uende ukapimwe, na daktari akisema hapana utakaa, akisema ndiyo utaondoka. Ulilisema ukiwa umesimama wima. Hukunitazama mimi, ulimtazama baba yako, na sikukulaumu.

Kwa hiyo nimebaki na begi. Nimelitazama muda mrefu. Nimetoa kila kitu, nikakiangalia kimoja kimoja kwa mwanga wa dirishani, nikarudisha kama ulivyopanga wewe. Umechagua vizuri. Sweta lako ni zito kuliko nilivyodhani, na zile fulana nyepesi unaweza kuzivaa moja juu ya nyingine ukavua jua likipanda. Hilo mimi halikunijia akilini miaka yote hii. Nilijua kuvalisha, sikujua kuvua. Makoti nimeyafunga kwenye mfuko, yatabaki kwenye sanduku la baba yako. Ikifika Juni ukaona unahitaji moja, sema, tutalituma kwa basi. Usiposema sitalituma.

Nina ombi moja, na si la nguo. Ulisema unataka ufike ukiwa mtu tu. Nimelifikiri neno hilo kuliko unavyojua. Fika hivyo. Cheka na wenzako, kaa nao mbele darasani, vaa hilo gauni la njano ambalo nililisema vibaya. Wala usitembee na jina la ugonjwa kama kitambulisho kifuani. Ila mwambie mtu mmoja. Chagua mwenyewe, mtu unayelala naye chumba kimoja au yeyote atakayekukaa rohoni, umwambie kwa kifupi: mimi nina selimundu, ukiniona nimekaa kimya usinipite. Mujuni alikuwa na wenzake wengi waliompenda, na wote walimpita, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewapa neno la kulisimamia. Sikuombi umtafute mlinzi. Naomba tu kuwe na mtu mmoja huko ambaye atarudi nyuma kuangalia.

Na mimi nitajaribu kutokupigia kila asubuhi. Sitakuahidi, maana naujua mkono wangu. Nikipiga mno, usipokee, niandikie ujumbe kuwa uko darasani. Hata kama hauko. Uongo huo nitaubeba.

Nilikuwa nimeweka kalamu chini hapo. Simu imelia.

Ni baba yako. Alianza na habari za njia na matope, na foleni ya kliniki, kama kawaida yake, nami nikamwacha kwa sababu niliogopa kuuliza. Kisha akasema, "Damu yake haijashuka. Daktari amesema aende, ila asisafiri mfululizo, alale Kahama." Nikamwambia asante, kama vile ni yeye aliyekutibu. Akaniuliza, "Mama Kemi, umekaaje huko?" Hilo ni swali la kwanza aliloniuliza tangu Jumamosi. Nikamwambia ninaandika. Akasema vizuri, andika.

Ndipo ukaichukua simu wewe. Nilijiandaa kusikia mengi. Ulisema, "Mama, tumepata gari, tunakuja. Nina njaa."

Hujasema hivyo tangu maumivu yalipoanza. Tulikuwa tunakubembeleza uji kijiko kwa kijiko. Nimekujibu "haya," nikakata haraka.

Kwa hiyo utaondoka. Nimeliandika ili nilione. Hofu yangu haijaondoka. Iko hapa kwenye kiti kingine, na kesho basi likishaondoka nitarudi nayo nyumbani, mimi na yeye na baba yako. Ni ya kwangu, nitakaa nayo. Usiichukue kwenye begi.

Barua hii nitakupa mkononi kesho, usije ukaikuta mahali ukadhani nimekuficha kitu kingine. Isome ukishapita Kahama, au usiisome mpaka utakapotaka.

Sasa acha nikakupikie.

Mama yako